Mbolea ya Ogoti na Maji ya Jumamosi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Birongo. Jumanne, tarehe 20 Mei 2025.

Jina: Zachariah Mokua
Umri: Miaka 58
Kazi: Fundi wa redio na mkulima mdogo
Makazi: Bondeni, chini ya soko la Birongo

Nimeitwa kueleza ninachojua kuhusu mbolea ambayo jirani yangu, Ogoti, anasema iliibwa na Jemimah Mong'ina. Jemimah ameketi kwenye benchi hapo nje akisubiri kujua kama atalala seli.

Sisi wa bondeni ni wakulima wa majani chai tuliojaribu mpunga. Majaruba yetu yamefuatana kwenye mteremko. La Ogoti liko juu, kisha la Jemimah. Maji ya kijito huingia kwa Ogoti, hutoka kwa mfereji na kuingia kwa Jemimah.

Mnamo Ijumaa tarehe 9 Mei, mwendo wa saa kumi na moja jioni, nilimwona Ogoti akirusha mbolea nyeupe, ile ya kukuzia. Alikuwa anakimbizana na jua, kwa sababu ni Msabato na Sabato ilikuwa karibu kuingia. Mfereji wake wa kutolea maji ulikuwa wazi. Nikamwambia, "Mura, ndugu yangu, ziba hapo kwanza."

Akanijibu, "Chai yangu nimeiwekea mbolea miaka yote bila kuziba kitu. Wewe tengeneza redio."

Nikaenda kutengeneza redio.

Jumamosi Ogoti alishinda kanisani. Jemimah, ambaye ni Mkatoliki, alikuwa kwake akipalilia. Sikumwona akivuka kwenda kwa Ogoti. Maji ndiyo yalivuka, na hayakuomba ruhusa.

Kufikia Jumapili tarehe 18, mpunga wa Ogoti ulikuwa wa manjano na wa Jemimah kijani cha kutisha. Ogoti alisimama ukingoni akapaza sauti, "Mama Valentine, ulikuja Sabato ukaikomba mbolea yangu!"

Jemimah akamuuliza, "Niliikomba na nini, Baba Linet? Kijiko?"

Hakuna aliyecheka ila mimi, na hilo halikusaidia.

Nilipata hamu ya kujua. Nikazunguka jaruba la Jemimah. Kijani kilikuwa kizito pale maji yanapoingilia, kikatawanyika kama upepeo, na kwenye kona za mbali kikafifia. Mtu aliyeiba mbolea hangesahau kona zake mwenyewe. Kisha nikaomba chembe chache za mbolea hiyo dukani, nikazitia kwa kikombe cha maji. Nilikoroga kidogo tu, sikuziona tena. Mke wangu, Loice, alikiona kikombe hicho, na tangu hapo ninanywea chai kwa bakuli.

Ogoti si mwongo, afande. Kwenye chai mbolea huanguka chini ya mti, mvua ikaizamisha hapo hapo. Kwenye mpunga, maji yakitembea huondoka nayo.

Naongeza jambo moja kabla sijaulizwa. Jaruba langu liko chini ya la Jemimah. Hata kwangu, pale maji yanapoingilia, kuna kijani ambacho sikukinunua. Kama kupokea maji ni wizi, naomba niketi naye kwenye benchi.

Nimesomewa maneno haya. Ni yangu, na sina la kupunguza.

Sahihi: Z. Mokua

Maandishi ya afisa: Maelezo yamechukuliwa nami, Konstebo Persis Nyanchama. Mlalamishi ameulizwa kama alifunga mfereji. Amejibu kwamba jua lilikuwa linazama. Jemimah Mong'ina ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mlalamishi ameomba arudishiwe mbolea yake. Ameelezwa kwamba haipandi mlima.