Upande wa Kulia wa Ule Ukuta

Kitale, Jumapili baada ya ibada

Ndugu yangu mpendwa Mutua,

Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako cha kamba, umeshakunywa chai, na goti halikusumbui. Mkeo, Mama Nduku, hajambo? Kile kikohozi chake cha majira ya vumbi kimepoa? Na yule mbuzi mweusi uliyeniandikia kwamba alitafuna shuka ya mgeni, bado yuko hai, au mmeshamfanyia hukumu? Nilicheka sana niliposoma habari zake, mpaka Mwikali akaja mbio akidhani ni kifua.

Mimi niko hapa kwa binti yangu, nalishwa kama kifaranga. Mwikali akirudi kutoka kazini hospitalini ananipikia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, lakini mahindi ya Kitale ni laini, hayana ubishi kama yetu, na chunguni yanageuka uji. Nakula na kumsifu. Mvua ya huku haina adabu, Mutua. Inanyesha kila alasiri kana kwamba hakuna watu wengine wanaoihitaji, na majirani wanalalamika matope. Mimi nakaa dirishani nikiyatazama yale maji yanavyopita bure, na moyo unaniuma kama mtu anayeona chakula kikimwagwa.

Miguu imevimba, viatu havinienei tena. Juzi daktari alimwita Mwikali nje ya mlango akamwambia mambo kwa sauti ya chini. Alisahau kwamba nimekuwa mwalimu miaka thelathini na tano. Sikio la mwalimu husikia hata anayenong'ona dawati la nyuma. Moyo umechoka, alisema. Labda mvua hizi za mwisho wa mwaka, labda nisizione. Usihuzunike. Nimekula chumvi ya kutosha.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia Kiswahili, sisi tunaoandikiana Kikamba siku zote. Sababu ni kwamba barua hii si yako peke yako. Yule mwalimu mgeni mliyeletewa kutoka pwani hajui Kikamba, naye ndiye ninayetaka aisome mbele ya watu, maana sauti yake haina undugu na mtu yeyote pale.

Katika barua yako ya mwezi uliopita ulinieleza kwamba kanisa na wazee wameamua kukifufua kile kikundi cha vijana, kwa ajili ya watoto waliomaliza shule na sasa wanashinda kwenye vibaraza vya maduka ya Mutomo wakitazama magari. Nilifurahi. Kisha ukaandika mambo mawili. La kwanza, kwamba wanataka kukiita kwa jina langu. La pili, kwamba wazee wametoa shauri wasichana wafundishwe kushona tu, wasikaribie simiti wala ujenzi, "ili tusirudie yale ya yule wa Kibwezi."

Yule wa Kibwezi. Ndivyo ulivyoandika, Mutua, na huyo ni mtoto wako. Miaka mingi sasa humwandiki kwa jina lake. Niliiweka barua kifuani nikakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Hujui kwamba mimi ndiye niliyekunyang'anya jina hilo kinywani.

Nianze mwanzo, ili hata mgeni aelewe.

Wakati ule nikiwa mwalimu mkuu pale nyumbani, watoto walikuwa wakimaliza darasa la saba na nafasi za sekondari zinawapata wachache. Waliobaki walikuwa na miaka kumi na tano, kumi na sita, wana nguvu na hawana pa kuziweka. Tukakusanyana, wazazi, wazee na kanisa, tukawafungulia kikundi. Kina mama walileta chakula kwa zamu, kwa mtindo wa mwethya, ule ushirika wetu wa kazi ambao leo unalima kwangu na kesho kwako. Fundi Kimanzi wa Mutomo aliwafundisha uashi. Mimi nilifundisha hesabu za vipimo. Walikuwa ishirini na wawili, nusu wasichana. Na wenyewe ndio waliochagua kazi ya kwanza, si sisi: wajenge ukuta wa kukinga mto wetu wa mchanga, ili mvua ikija mchanga ujae nyuma yake na kushika maji ya kiangazi. Wasichana ndio waliosema hivyo. Wao ndio waliokuwa wakienda kuchota mbali.

Mtoto wako Nduku aliongoza kundi la upande wa kulia. Unamkumbuka alivyokuwa, mrefu, mwenye dharau kidogo usoni hata akiwa anasali. Mzee mmoja alisimama ukingoni akamuuliza, msichana akishika mwiko wa fundi, ule wa ugali atashika nani? Nduku hakuinua hata kichwa. Akamwambia, "Mikono ni miwili, babu. Na wewe yako yote ipo hapo, umeifunga nyuma." Watoto walicheka mpaka mzee mwenyewe akacheka, akavua koti akabeba mawe siku nzima.

Kwa wasiojua desturi yetu, niseme kwamba msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo mtoto wako Nduku alikuwa mama yetu, wako na wangu. Mimi nilimwita mwaitu, yaani mama, tangu akiwa mgongoni, naye alipojua kusema akaniita mwanangu. Darasani nilikuwa mwalimu mkuu. Mtoni nilikuwa mwanawe. Aliniamrisha ninywe maji, nikae kivulini, nisisahau kofia, na wenzake walifurahia kuona mwalimu mkuu akitii.

Kanuni ya Fundi Kimanzi ilikuwa moja tu: msimwage simiti kabla hamjafika mwambani, kutoka ukingo huu mpaka ule. Na mwamba hautambuliwi kwa macho. Unapiga mtaimbo, unasikiliza. Aliwafundisha watoto wale kusikiliza kama anavyofundishwa mwimbaji. Kisha akapata msiba wa mkwe wake huko Mukuyuni, akaondoka kwa wiki mbili. Akaniachia mimi kazi.

Hapo ndipo penye kosa langu. Mimi nilikuwa nimeshamwalika mkubwa wa elimu kutoka Kitui aje kuuona ukuta Jumamosi ya wiki ile ya pili. Sikuwauliza watoto, sikumuuliza fundi. Nilitaka aone. Nitasema kweli, nilitaka anione mimi. Kulikuwa na cheo cha ukaguzi wa shule nilichokitamani.

Jumatatu, upande wa kushoto na wa katikati ulikuwa tayari. Upande wa kulia kundi la Nduku lilikuwa limefika kwenye tabaka gumu, jeupe, ambalo sululu ikiligonga inarudi nyuma. Nikawaambia tumefika, leteni simiti. Nduku alikuwa ndani ya mtaro, jasho likimtoka usoni. Akapiga mtaimbo mara tatu, akainamisha sikio.

"Mwanangu," akaniambia, "huu si mwamba. Mwamba unalia. Huu unakohoa."

Nikamwambia ni mwamba. Akasema wapewe siku nne, labda tano, watalivunja tabaka lile. Siku tano zilikuwa zinavuka Jumamosi yangu. Nikamuuliza mbele ya wenzake, kwa ile sauti yangu ya shule, "Mwalimu hapa ni nani?"

Alinitazama kidogo. "Ni wewe," akasema. Akapanda kutoka mtaroni na kuanza kuchanganya simiti.

Jumamosi mgeni alikuja, akasifu, akapiga picha na mimi. Wiki tatu baadaye mvua ya mwezi wa kumi na moja ilifika. Ya kwanza ukuta uliishika. Ya pili maji yalipita chini ya upande wa kulia, yakafukua lile tabaka kama sukari, na ukuta ukapasuka pale pale, ukalala. Uliona mwenyewe. Bustani ya mboga ya watoto ikaenda nao. Asubuhi walisimama ukingoni wote ishirini na wawili.

Kwenye baraza, pale uwanjani mwa kanisa, wazee waliuliza upande wa kulia ulichimbwa na nani. Nikajibu, kundi la Nduku. Wakaniuliza niliwaambia wachimbe mpaka wapi. Nikajibu, "Niliwaambia wachimbe mpaka mwambani."

Hayo maneno yalikuwa kweli, Mutua. Siku ya kwanza ya kazi niliwaambia hivyo hasa. Uongo mtupu labda ungekuwa umenitoka zamani. Huu umekaa kwa sababu umevaa nguo za ukweli. Nikaongeza kwamba lawama naibeba mimi kama mkubwa wao, nikatoa kitambaa nikafuta macho. Watu wakanihurumia. Wakasema, tazameni unyenyekevu wa mwalimu.

Nduku alikuwa amesimama na wasichana wenzake. Wazee walimuuliza kama ana neno. Akasema hana.

Unakumbuka yaliyofuata kuliko mimi. Kikundi kilifungwa, mitaimbo na miko ikafungiwa stoo ya kanisa. Nafasi ya chuo cha ufundi ambayo tulikuwa tumeahidi kwa mwanafunzi bora, na kila mtu alijua ni nani, ikafutwa. Wewe ulimwambia nyumbani kwamba amemwaibisha kaka yako mbele ya nchi nzima. Kabla mwaka haujaisha akaenda Kibwezi kufanya kazi kwenye mashamba ya kumwagilia maji, akaolewa huko, na ninyi wawili mmekuwa mkisalimiana kama watu waliokutana kituoni. Mimi nikapata kile cheo.

Siku tatu baada ya baraza nilimkuta njiani, kabeba maji. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Sikumuuliza kwa sababu nilitaka aseme. Nilitaka kujua kama nimesalimika. Akashusha mtungi.

"Mama hamwaibishi mwanawe mbele ya watu," akasema. "Nilidhani utasema mwenyewe."

Akajitwika mtungi wake akaenda. Sikumwita mwaitu tena tangu siku hiyo. Ulimi ulikataa.

Kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kukuambia. Mwaka ule nilipostaafu, nikisafiri kwenda Mombasa, niliteremka Kibwezi nikauliza kwake. Nilikwenda kuomba msamaha. Alinipokea mlangoni, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, umekonda." Akachinja kuku. Nyuma ya nyumba nikaona tangi la maji la mawe, zuri, limenyooka, nikauliza fundi wake. Akaonyesha mikono yake. Majirani humwita awajengee, na binti zao humfuata kujifunza. Tulikula. Akaniuliza jambo moja tu: "Baba bado ana hasira na ule ukuta?" Nilikuwa na kinywa kimejaa chakula chake, Mutua, na nilikitumia kama kisingizio. Niliitikia kwa kichwa. Kisha gari likapiga honi barabarani nikaaga.

Basi, haya ndiyo ninayokuomba, nawe usiyaache kwa kunihurumia. Mpe mwalimu mgeni barua hii aisome kwenye mkutano wa kikundi, kabla wazee hawajaipitisha ile kanuni ya wasichana. Nimekiri kwa Mungu mara nyingi. Ni rahisi, Mungu hana jirani. Wazee walikataza wasichana kwa sababu ya neno langu, na neno langu lilikuwa bovu. Ukuta haukuanguka kwa sababu msichana alichimba. Ulianguka kwa sababu msichana alisema kweli na mtu mzima akakataa kumsikia. Wafundisheni wote, wavulana na wasichana, na mkiweka kanuni, iwe hii: mtoto akisema bado, kazi isimame. Na jina langu msiliweke mlangoni. Nitaona haya hata nikiwa kaburini.

Na wewe, ndugu yangu. Najua utakasirika, na hasira hiyo ni haki yangu; usimgawie mtu mwingine. Umemnyima mtoto wako uso miaka yote hii kwa ajili ya heshima yangu, na heshima yenyewe haikuwepo. Ulikuwa unanipenda. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya moyo wenyewe.

Nisalimie Mama Nduku, mwambie alimlea mwanawe vizuri kuliko tulivyostahili. Wasalimie wajukuu. Nisalimie Fundi Kimanzi kama bado anatembea. Mwambie namwomba radhi, aliniachia sikio nikatumia macho. Msalimie mchungaji na kina mama wa mwethya waliowapikia wale watoto. Mwikali anakusalimu sana. Ameketi hapa kando yangu, amesoma kila ukurasa nikiumaliza, na ameacha kuniambia nipumzike.

Daktari akisema kweli, huenda barua hii na habari za msiba wangu zikakufikia siku ile ile. Ikiwa hivyo, usipande basi la kuja Kitale. Panda la Kibwezi kwanza, ukae kwa Nduku siku utakazohitaji, uite jina lake. Mwikali ameshaniahidi kwamba watanihifadhi vizuri hapa. Mimi nitaweza kungoja.

Ni mimi kaka yako anayekupenda,
Mbithi