Ua la Mchangani Lapewa Mwavuli

Mama Mwende mpenzi,

Nakusalimu kutoka Keumbu alikoolewa Mwende, ambako mvua hunyesha kila alasiri, nawe huko Mwingi unachungulia mawingu. Mbegu za ua la mchangani ulizompa binti yetu ziliota vizuri. Lakini mama mkwe wake, kwa mapenzi tu, aliitilia miche samadi na kuimwagilia maji kama kabeji. Ikaoza yote isipokuwa mmoja. Nikamweleza kwamba mmea huu huishi msimu mmoja tu. Usipochanua, Mwende hatapata mbegu tena.

“Mwalimu, kwangu hakuna kitu inalala njaa!” akanijibu.

“Mama, huu hunenepa kwa kunyimwa.”

Nikauhamishia kwenye kilima kidogo cha vumbi la mawe kutoka Tabaka, wanakochonga vinyago. Jana mvua ikinyesha, nilimkuta mama mkwe huyo amesimama uani, ameufunika mche kwa mwavuli wangu, yeye mwenyewe ametota hadi viatuni.

“Usipige kelele, Mwalimu. Imefungua.”

Ua la manjano, dogo kama kifungo cha shati! Mwende alicheka hadi akalia.

Nimekukumbuka sana. Ukija, beba mwavuli wako, maana wangu sirudishiwi mpaka mbegu zikauke.

Wako,
Baba Mwende