Watu Saba na Mtumbwi Mmoja

Kilole,
Korogwe.
Jumamosi, 15 Machi 2025

Mpendwa kaka Ernesti,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Chunya, na kile kifua kimepata nafuu. Wifi Emiliana hajambo? Joseph ameizoea shule mpya? Sisi huku tunapumua. Mahindi ya Hale tumevuna ya kula tu, masika bado tunaisubiri.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu unakatikakatika, na jambo lenyewe si la kusema nusunusu. Linamhusu binti yako Glory.

Unajua alivyoifurahia ile kazi ya Pangani, kuwaongoza baharini watu wasiowahi kushika kasia, kwa ile mitumbwi ya plastiki wanayoiita kayaki. Mwezi uliopita alitualika walimu sita wa shule yetu tukajaribu. Mwenye mradi, anaitwa Hiza, alitupokea vizuri. Alitufundisha ufukweni kama nusu saa: kukaa, kugeuza, kupanda tena ukipinduka. Nilicheka sana asubuhi ile. Nakuambia ili ujue hatukwenda na hofu.

Wakati wa kuvaa majaketi okozi, la Mwalimu Habakuki lilionekana limevunjika kifungo, likafungwa kwa uzi wa katani. Nilimsikia Glory akimwambia Hiza pembeni, "Na huu ni mwezi mpevu. Maji yatarudi kwa kasi."

"Tunakwenda na kurudi," Hiza akasema. "Usiwatishe wageni."

Tulikwenda wawiliwawili, mitumbwi minne, mpaka fungu la mchanga ambalo huonekana maji yakipwa tu. Tukapiga picha, tukanywa soda. Nilipogeuka kuchukua kandambili zangu, pale nilipoziweka palikuwa maji. Mitumbwi miwili ilikuwa imeshaelea mbali. Hiza akarukia wa tatu, akaifuata. Tukabaki watu saba na mtumbwi mmoja.

Kaka, sijui nikueleze vipi ardhi inavyokwisha. Hakukuwa na wimbi wala kelele. Maji yalikuja miguuni, yakaja magotini, na watu wakawa wanaongea kwa sauti ya chini kama tuko msibani. Hiza tukamwona mdogo, kisha hatukumwona. Mwalimu Shamimu alianza kusoma dua. Habakuki alivua saa yake akaitia mfukoni, akaitoa, akaivaa tena.

Glory huyo unayesema ni mpole mno ndiye aliyetusimamia. "Hatungoji mchanga uishe," alisema. Akatupandisha mimi na Shamimu, maana hatujui kuogelea kabisa. Wengine akawaambia washike kamba iliyozunguka mtumbwi. "Msipambane kurudi tulikotoka. Mkondo unakwenda kusini. Tuufuate, tukisogea pwani kidogokidogo."

Tulikaa hivyo zaidi ya saa nzima. Ule uzi ukakatika, jaketi likamtoka Habakuki kichwani, akazama. Glory akamshika ukosi wa shati. Akamponyoka, akamshika tena, na safari hiyo hakumwachia mpaka boti ya mashine iliyokuwa ikipita ilipotuona.

Hiza tulimkuta ufukweni. Alikuwa anaosha mitumbwi yake mitatu kwa maji baridi. Alituambia, "Bahari ndivyo ilivyo, walimu."

Habakuki alilazwa siku tisa. Sasa yuko nyumbani, lakini darasani hajarudi. Ukimsalimu anaitikia baada ya muda, kama aliyeitwa kutoka mbali.

Glory aliacha kazi siku ileile akaja kukaa kwangu. Tulikwenda polisi kutoa taarifa, tukaandikisha maelezo, tukaambiwa suala litafuatiliwa. Wiki mbili baadaye tukasikia Hiza anapeleka watu tena kwenye fungu lilelile. Basi Glory akapanda gari, akasimama pale ufukweni, akawaeleza wageni yaliyotupata. Wengine walisikia, wengine hawakusikia. Jumatano iliyopita akaja mtu hapa nyumbani, simfahamu, akaniambia kwa adabu kabisa, "Hiza anasema mwambie Glory bahari haina mashahidi."

Jana usiku nilimsihi asiende tena.

"Shangazi," akasema, "ule uzi niliufunga mimi. Nilijua hautashika, na niliufunga."

Alfajiri ametoka na gari la kwanza.

Nilikuwa nimefika hapa kuandika, ujumbe wake ukaingia. Naunakili kama ulivyo: "Wageni watano wamekataa kuingia majini, wameondoka. Hiza amekuja na wanaume watatu. Wanasema nipande nao mtumbwi nikawaonyeshe hiyo hatari iko wapi." Nimempigia mara sita. Simu inaita, haipokelewi.

Naifunga barua, naelekea Pangani. Nitaiacha Segera kwa kondakta wa basi la Mbeya. Nakuomba ukishaisoma usingoje mwisho wa mwezi. Njoo umchukue mwanao, mimi ananisikia lakini hanitii.

Msalimie sana wifi Emiliana na Joseph, na yule bibi jirani yenu aliyenipa mbegu za maboga. Mungu aifunike nyumba yenu na yetu kwa mkono mmoja.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukutegemea,
Lea

Nimefika Segera. Glory amepokea simu. Hakupanda mtumbwi. Kuna mama anaitwa Mashavu, anauza mihogo pale ufukweni, amemwingiza ndani ya banda lake na kufunga mlango. Polisi wamepigiwa, wamesema wanakuja. Wale wanaume wamekaa nje kwenye benchi, wanakula mihogo. Nimemwambia Glory asitoke mpaka asikie sauti yangu mlangoni.