Milimita Elfu Sita za Likasi

Jumatatu, 12 Desemba 1994

Saa mbili asubuhi, kipimamvua: 0.3. Matone ya alfajiri tu. Hayakulaza hata vumbi la njia.

Tangu Oktoba, 0.3 haiandikwi 0.3. Muundo mpya wa taarifa unataka tarakimu tatu bila nukta. Milimita kumi na mbili ni 012. Mvua isiyofika milimita moja hupewa alama inayoanza na 99, kisha sehemu zake za kumi. Kwa hiyo 0.3 inakuwa 993. Ni alama, si kiasi. Anayepokea huigeuza kwa jedwali kabla ya kujumlisha. Nina miaka sitini na mbili na nililielewa kwa siku moja.

Nimeteremka parokiani kusoma ujumbe kwenye phonie, redio ya mawasiliano. Betri dhaifu, ilibidi nirudie mara mbili. Ofisi ya hali ya hewa Lubumbashi wamejibu kwamba wamepokea.

Mvua ya maana ya mwisho ilikuwa 24 Novemba. Wanasema Kapolowe mahindi yameanza kujikunja majani.

Jumamosi, 17 Desemba

Dereva wa lori ameniletea taarifa ya Novemba. Karatasi moja, imetoka kwenye kompyuta yao ya Lubumbashi. Likasi: 6018. Herufi A.

Milimita 6018 ni mita sita za maji. Kwa mwezi mmoja. Bati la nyumba yangu lingekuwa chini ya maji, nami ningekuwa nimekalia msalaba wa kanisa nikiandika haya. Nilicheka peke yangu. Kisha nikafungua daftari.

Siku tano za mvua ya kweli: 57. Siku sita za matone, zote pamoja milimita mbili na kidogo. Jumla 59. Theluthi ya Novemba ya kawaida. Wao wamechukua 993, 995, 992, 996, 991 na 994, wakazijumlisha kama milimita.

Kicheko kiliisha nilipoitazama ile herufi. A ni mvua tele, D ni ukame. Shirika linalogawa mbegu za kupanda upya halisomi namba, linasoma herufi. Penye A hawapeleki hata punje. Kapolowe haina kituo, inahesabiwa kwa kituo changu. Na orodha yao ya mbegu inafungwa Ijumaa tarehe 30.

Dada yangu Musonda analima Kapolowe.

Jumatatu, 19 Desemba

Phonie, nusu saa. Lubumbashi namba zinapokelewa na Chola, mtu mzima, shemeji wa mkubwa wa ofisi. Nimemweleza mara tatu. Nimefundisha wapimaji katika vituo vinne, ninajua kueleza. Jibu lake, tarakimu kwa Kifaransa kama ninavyozisoma:

"Mzee, weye njo ulisema neuf-neuf-trois. Minye niliandika vile. Machine haiko na makosa."

Nikamwambia jedwali liko kwenye kabati, nyuma ya mlango. Akasema kabati lilishabebwa. Na jedwali? Lilikuwa ndani.

Aliyejua kazi hiyo ni Kabeya. Miaka kumi na sita alipokea namba zangu. Yeye ndiye aliyepelekwa kujifunza muundo mpya kabla haujaanza. Mwaka jana wakamfukuza, kazini na mjini, pamoja na Wakasai wengine, kwa sababu babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Yeye amezaliwa hapa Likasi, mtaa wa tatu kutoka kwangu. Alirudi hapa, akalala wiki tano kwenye gare, stesheni yetu, na mkewe na masufuria, akingoja treni.

Nilimpelekea mfuko wa unga. Neno sikusema, si kwake, si kwa waliomfukuza. Walikuwa majirani zangu.

Wamemfukuza mtu aliyejua kusoma, wakabakiza mashine. Sasa nakasirika. Nimechelewa mwaka mzima.

Alhamisi, 22 Desemba

Musonda amekuja juu ya lori la makaa. Alikuwa na mche wa mahindi ndani ya kitambaa. Akauweka mezani, juu ya ile 6018. Mzizi mkavu kama uzi.

Nikamweleza yote: alama, jedwali, kabati. Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Akauliza kama hakuna njia. Nikasema iko moja. Nirudie Novemba, na kila siku ya matone nitume 000. Hapo mashine itajumlisha sawa. Lakini itakuwa uongo. Miaka thelathini na moja sijatuma namba ambayo sikuiona kwenye kioo cha kipimamvua. Akaniita yaya, kaka mkubwa, kama tulipokuwa watoto:

"Yaya, weye unachunga namba. Minye niko na batoto batano."

Hakula. Aliondoka na lori lile lile. Mche ameuacha.

Jumapili, 25 Desemba

Noeli. 0.2. Nimetuma 992. Nimejichukia siku nzima.

Jumatano, 28 Desemba

Jana nilijaribu mara ya mwisho. Nilimwomba Chola aniitie mkubwa wake. Mkubwa yuko safarini. Nilimsomea jedwali lote, mstari kwa mstari, aandike. Katikati akaniambia kalamu imekwisha.

Leo nimetuma Novemba upya. Siku sita za matone: 000, 000, 000, 000, 000, 000. Nilizisoma kwa sauti ile ile ninayosomea za kweli.

Chola alifurahi kweli. "Sasa njo naona, mzee. Cinquante-sept. Ile njo namba." Hamsini na saba. Novemba ya kweli ilimpa 6018 na hakushtuka. Ya uongo ameisifu.

Nina hasira na Chola. Nina hasira na aliyebeba kabati, na waliojaza ile gare. Zaidi na mzee wa kituo cha Likasi, ambaye wakati wa kusema alipeleka unga.

Jumanne, 10 Januari 1995

Herufi ilibadilika. D. Mbegu zilifika Kapolowe Alhamisi, pungufu, lakini zilifika. Musonda amepanda upya. Juzi milimita 18, zimeanguka polepole, zimezama vizuri. Amenitumia maboga mawili bila salamu. Kwake hiyo ndiyo salamu.

Asubuhi hii kipimamvua: 0.4. Nimetuma 000.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari nimenakili jedwali zima kwa wino, na chini yake nimeandika: sifuri nilizotuma tangu 28 Desemba si zote za kweli, za kweli zimo humu.

Kabeya angeuliza katika wiki ya kwanza. Angeuliza imekuwaje mvua ya Likasi hainyeshi kidogo tena, ama ni milimita nzima ama ni sifuri.

Chola hajauliza.