Neno "Imejazwa" na Mguu wa Nne wa Kreni

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na kama ukurasa wako umejaa usinichape gazetini, nijibu tu kwa namba niliyoandika chini, maana jambo langu lina tarehe na tarehe yenyewe inakuja mbio.

Mimi ni karani katika kampuni inayokodisha kreni. Nina miaka ishirini na mbili, nimekaa kazini miezi minne, miwili ya majaribio bado, na kazi hii nilitafutiwa na mjomba wangu, kaka wa mama yangu, ambaye ndiye mwendesha kreni kubwa kuliko zote tulizo nazo, na aliponitambulisha kwa bosi wetu alisema mbele ya watu wote, "Huyu mpwa wangu hakosei hata nukta," na tangu siku hiyo nimekuwa nikiogopa nukta.

Kabla sijaungama kosa langu naomba nikuonyeshe kitu chenyewe, maana usipokiona utasema nahangaika na makaratasi. Siku ya kwanza nilipopelekwa uwanjani nilitarajia mashine ya makelele, nikakuta kitu kinachofanya kazi kwa adabu. Kreni ilisimama, ikatoa miguu yake minne ubavuni kama mtu anayejitanua kabla ya kupokea gunia, na watu wakaanza kupanga magogo ya mbao na sahani za chuma chini ya kila mguu, wakapima kwa pimamaji, wakapangua, wakapanga upya, wakapima tena, saa nzima ikapita na hakuna kilichonyanyuliwa, nikamuuliza Mjomba wanangoja nini, akacheka. "Kunyanyua ni dakika kumi, mpwa wangu. Kazi ndiyo hii." Kisha magurudumu yote yakaachana na ardhi, mlima mzima wa chuma ukawa umesimama kwa miguu minne tu, na boriti lenye uzito wa malori mawili likaondoka chini bila kutikisika, likapita juu ya paa la ghorofa ya nne, likashuka polepole hadi fundi aliyekuwa juu akalielekeza kwa viganja vyake viwili, kama mtu anayempokea mtoto mchanga. Sikuwa nimewahi kuona nguvu nyingi kiasi kile zikiwa na upole kiasi kile. Nilijikuta nimenyamaza, na mimi mama yangu huniita redio.

Mjomba aliposhuka alinipeleka hadi kwenye mguu mmoja, akaugonga kwa kiatu. "Watu husema kreni imebeba," akaniambia. "Kreni haibebi, inahamisha tu. Anayebeba ni ardhi." Akanieleza kwamba mkono wa kreni ukigeukia upande wa mguu fulani, karibu uzito wote, wa mzigo na wa mashine yenyewe, unahamia kwenye mguu huo mmoja, na ule wa upande wa pili unakuwa mwepesi hadi unadhani unataka kunyanyuka. Tangu hapo natembea barabarani nikitazama chini kwa heshima. Tunaikanyaga ardhi kila siku na hatujui imekubali kubeba nini.

Sasa kosa. Mkaguzi wetu hutangulia kwenda kutazama mahali kreni itakaposimama, na kwenye fomu anaandika hali ya ardhi chini ya kila mguu, kwa penseli, kwa mwandiko wa kuku aliyekimbizwa. Mimi naipiga chapa upya iwe safi, naigonga mhuri, nakala moja inabaki kwenye faili na nyingine inaingia kwenye chumba cha kreni anamokaa Mjomba kule juu. Fomu ya hospitali moja ya wazazi ilikuja hivi: mguu wa kwanza, ngumu; wa pili, ngumu; wa tatu, ngumu; wa nne, imejazwa. Ofisini kwetu fomu ikikamilika tunaandika pembeni "imejazwa" na kuweka sahihi, ndiyo mazoea yetu, basi nikaona mzee wa watu amechoka, ameandika neno la pembeni kwenye mstari wa ndani, na kwa kuwa mitatu ilikuwa ngumu na kwa kuwa nilitaka karatasi yangu iwe safi, nikapiga chapa "ngumu" mara nne, nikagonga mhuri. Nilipata alama ya juu ya Kiswahili shuleni, mshauri, na sikukumbuka kwamba fomu ni ya ngeli ya I-ZI na ardhi nayo ni ya ngeli hiyo hiyo, na kwamba vyote viwili hujazwa.

Jumatatu iliyopita kreni ilinyanyua mizigo midogo pale hospitalini. Nilipelekwa kuchukua sahihi ya Mjomba, na wakati namngoja nikaona sahani ya mguu wa nne imezama upande mmoja, upana wa kidole, na udongo kando yake umepasuka mstari uliopinda kama ukingo wa sahani. Nikamwonyesha. Akatazama pimamaji, akausogeza mguu kidogo, kiputo kikarudi katikati. "Ni mbao tu imekaa," akasema. "Ardhi ni ngumu, karatasi imesema." Kisha akanipiga begani. "Kule juu nina macho yangu mawili. Huku chini nina wewe."

Nilirudi ofisini nikaitoa fomu ya penseli. Mkaguzi alikuwa anafunga begi kwenda kazi ya mbali, nikajifanya najifunza, nikamuuliza, "Mzee, ukiandika imejazwa, huwa imejazwa nini?"

"Kifusi," akasema. "Ulidhani imejazwa mchele? Pale palikuwa na shimo la maji machafu, walilifukia juzi juzi." Akacheka, akaondoka, na mimi nikaenda chooni nikakaa.

Kreni inarudi pale Jumatatu ijayo, kwenye alama zile zile za rangi, kunyanyua tangi la chuma la maji lenye uzito mara nne ya mizigo ile, na mkono utageukia mguu wa nne, na upande huo kuna dirisha refu la wodi ambako akina mama hukaa na watoto wao. Nikisema, majaribio yangu yamekwisha, na Mjomba aliyenidhamini atachekwa, tena yeye mwenyewe aliweka sahihi kwenye fomu ile. Nimewaza kupiga chapa fomu mpya yenye neno sahihi, niigonge mhuri wa tarehe ile ile, niichomeke kwenye faili na kwenye chumba cha kreni bila mtu kujua, kwani mhuri ninao mimi. Je, hilo litatosha? Nisaidie.

Ni mimi,
Karani wa Mhuri

*

Karani wa Mhuri,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifikia leo Jumatano asubuhi, na jibu hili nakutumia kwenye simu sasa hivi kabla chai yangu haijapoa. Gazeti litalichapa baadaye kwa faida ya wengine. Wewe usilingoje gazeti.

Swali lako kwanza. Hapana, haitoshi. Ukibadilisha karatasi utakuwa umeitengeneza karatasi, na shimo litabaki lilivyo. Tena Mjomba wako ameshaisoma ile ya kwanza. Unadhani mtu aliyekwisha kuambiwa "ngumu" na mpwa wake asiyekosea nukta atapanda Jumatatu na kuisoma upya? Atapanda na kunyanyua. Na mhuri wa tarehe ya uongo si kosa tena, ni udanganyifu. Leo una kosa moja la neno, na mtu yeyote mwenye akili angeweza kulifanya. Usiliongezee ndugu.

Mimi sijui kreni. Najua ndoa, mawifi na wapangaji. Kwa hiyo nimempigia shemeji yangu aliyefunga minyororo ya mizigo bandarini miaka kumi na minane. Nilimsomea barua yako akiwa anakula, na nilipofika kwenye mguu wa nne nikasikia ameacha kutafuna.

"Miguu mitatu kwenye ardhi ngumu na mmoja kwenye kifusi?" akauliza.

"Ndiyo."

"Hiyo ni mbaya kuliko minne yote kwenye kifusi. Ikizama yote, mtu anaona mapema, anashusha. Ukizama mmoja, kreni inajua pa kuangukia."

Nikamuuliza kile kidole kimoja kina maana gani. Akaniambia kwamba kule juu, mwisho wa mkono, kidole kimoja cha chini kinakuwa hatua nzima ya mtu, na mzigo ukishatoka hatua hiyo unazidi kuulemea mguu, na mguu unazidi kuzama, na kuanzia hapo hakuna dereva hodari. Nami tangu hapo natazama sakafu ya ofisi yangu, mwanangu, na kabati hili la vitabu lililo juu yake, na nashangaa kwamba nimeishi miaka hamsini na saba bila kuishukuru ardhi hata mara moja. Wewe una miezi minne kazini na umeliona hilo. Kwa hiyo usiniambie hufai kazi hii.

Ila nakugombeza, na ukae unisikilize. Uliona ufa Jumatatu, ukajua maana yake Jumatatu hiyo hiyo, na leo ni Jumatano unaniandikia mimi. Mimi ni nani kwa ile hospitali? Aibu yako umeipa siku mbili, wale akina mama hujawapa hata saa moja. Unasema Mjomba atachekwa. Na achekwe! Anayechekwa yuko hai. Yeye ndiye atakayekuwa ndani ya kile chumba, na ameshakwambia kwa kinywa chake kwamba macho yake ya chini ni wewe. Unamficha nini mtu aliyekukabidhi macho yake?

Sasa fanya hivi, leo. Chukua fomu ya penseli, usiiache mezani hata dakika moja. Mtafute Mjomba popote alipo, mwonyeshe lile neno lililoandikwa kwa mkono wa mkaguzi mwenyewe, mweleze ufa ulioonekana na shimo lililofukiwa. Kisha nendeni pamoja kwa bosi, fomu zote mbili mkononi, ile ya kweli na ile uliyoikosea, na umwombe ampigie mkaguzi huko aliko, asikie mwenyewe. Kama watasogeza kreni, watachimba, watatandika sahani pana zaidi au wataita mhandisi apige hesabu, hilo waachie wao. Shemeji anasema dawa zipo, tena nyingi, kwa watu waliojua mapema. Baada ya hapo mwambie bosi kwamba neno "imejazwa" lisiandikwe tena kwenye fomu zenu. Kwenye ardhi paandikwe "kifusi". Kwenye fomu paandikwe "kamili".

Utafukuzwa? Huenda. Sitakudanganya. Bosi mwenye akili atambakisha karani aliyekuja na kosa lake mkononi siku tano kabla, lakini si mabosi wote wana akili, na nikikuahidi nisilolijua nitakuwa nagonga mhuri kama wewe.

Na jambo moja zaidi. Barua yako umeiandika nyuma ya fomu ya ofisi, na juu yake pana jina la kampuni na namba ya simu. Ama ulisahau kwa haraka, ama ulitaka niione. Nakupa hadi kesho saa sita mchana. Usiponiambia kwamba umesema, nitapiga namba hiyo mimi, na nitaongea na yeyote atakayepokea.

Ukimfikia Mjomba, usianze na samahani. Utalia, atakubembeleza, muda utapita. Anza na ardhi. Mwambie, "Mjomba, mguu wa nne uko juu ya shimo." Samahani mtaizungumza mkiwa mmekaa.

Inuka, nenda.