Mbwa wa Mwalimu

Jumatatu, 3 Juni
Leo kaning'ata. Nilikuwa naanika shuka za wateja uani, mbwa wa jirani akapenya kwenye tundu la ua na kunidaka mguu. Nilimpiga na beseni ndipo akaachia. Zahanati nimechomwa sindano, na nyingine Alhamisi. Muuguzi akauliza nyumbani nina nani wa kunisaidia. Nikasema wapo. Wapo wapi? Tangu mke wangu afariki ni mimi na pasi.

Jumanne, 4 Juni
Mwenye mbwa kaja. Mwalimu mstaafu — miaka yote tumeishia kwenye salamu tu. Kasimama mlangoni, kofia mkononi. "Ndugu yangu, sina la kujitetea." Nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Nikamwambia keti.

Alhamisi, 6 Juni
Kanisindikiza sindano ya pili. Jioni kanisaidia kukunja nguo, maana kusimama bado shida. Mashati anayakunja kama magazeti! Tumecheka. Sauti yangu ya kucheka nilikuwa nimeisahau.

Jumapili, 9 Juni
Binti yangu kapiga simu. Mbwa aondolewe, baba, akija kumng'ata mtoto wa mtu je? Nikaitikia, ni kweli. Hakuuliza lingine, ana haraka zake.
Baadaye Mwalimu kaja. Tukapiga soga hadi chai ikapoa. Anasema akirudi nyumbani, mbwa ndiye pekee anayeinuka kumpokea.

Jumatano, 12 Juni
Kidonda kimefunga. Mwalimu kakitazama: basi umepona, sitakusumbua tena. Nikasema bado kinauma.
Hakiumi.

Ijumaa, 14 Juni
Mbwa katoka tena asubuhi, kamrarua suruali muuza maziwa. Sasa bwana mifugo yuko mlangoni kwangu, gari lake njiani. "Mzee, wewe ndiye uliyeumia. Ukisema aondolewe, namchukua sasa hivi." Mwalimu nyuma yake, anatazama chini.
Nimewaambia nivae viatu kwanza. Nimeshavaa. Nimekaa kitandani na kalamu.
Yule mbwa ni hatari, najua, mguu wangu ni shahidi. Lakini nikisema aende, Mwalimu atakanyaga tena hapa? Na nikisema abaki, muuza maziwa nitamtazama vipi?
Namsikia Mwalimu nje. "Usimharakishe. Atakalosema, mimi nimelikubali." Heri angenitukana.
Wanabisha hodi tena. Nimesema karibuni, na sijainuka.