Umati wa Kubandika Kaburini kwa Baba Mkubwa

Soweto, Moshi
14 Oktoba 2024

Mpendwa dada Evelyn,

Shikamoo. Unaionaje baridi ya huko Bergen? Shemeji Wilson na watoto, mafua yamewaachia? Huku tu wazima. Mlima umejifunika mawingu wiki nzima, kahawa ndiyo inachumwa, na shangazi Mektrida goti linamsumbua ila mdomo uko salama kabisa.

Mimi ndugu yako nina bahati isiyo na mwenzake Moshi nzima. Nimeingia kwenye filamu! Nikiita watu, wanakuja. Ndiyo maana siku tuliyomzika baba yako, baba mkubwa Kornel, uliona kwenye video kihamba, shamba letu la nyumbani, kimejaa watu, migomba haionekani. Hata kaka yako Valerian nilimtoa Tarakea, alikojichimbia tangu wagombane na mzee.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu ningeleta utani nikaharibu.

Filamu yenyewe ni ya vijana wa mtaani kwetu, mkubwa wao Nurdin. Inahusu wakulima wa kahawa wanaoandamana. Walitaka maelfu ya watu, na uwezo wao ni kulisha ishirini tu. Basi kamera inafungwa kwenye miguu yake mitatu, ole wako uiguse. Tunasimama kushoto, tunapiga kelele, tunapigwa picha. Tunabadilishana mashati na kofia, tunahamia katikati, kelele tena. Halafu kulia. Nurdin anakuja kuviunganisha vipande kwenye kompyuta, watu ishirini wanakuwa umati. Dada, mimi nimo mara nyingi mpaka kuna mahali ninajisukuma mwenyewe!

Sasa siku ya mazishi. Mvua ilinyesha, na unajua marehemu hakuwa mtu wa kwenda kwenye misiba ya wenzake. Shangazi Mektrida akatazama huku na huku, akaninong'oneza, "Rogath, watu ndio hawa? Evelyn akiona si atakufa kwa aibu huko kwa Wazungu?"

Nikamwambia, "Shangazi, niachie mimi."

Nurdin naye akasema, "Bro, we nipe video. Hiyo migomba nakujazia watu mpaka ukome."

Akataka watu waliovaa nguo za heshima. Nikampa video ya kipaimara cha mtoto wetu Kindness, ile sherehe ya mwaka juzi. Akawakata wageni wa mle, akawabandika nyuma ya kaburi. Sikukagua sura. Nilicheka, nikakutumia.

Ndipo ukaniandikia kwamba umemwona Valerian kando ya migomba, kofia mkononi, kichwa ameinamisha. Kwamba umelia, umemsamehe yote, na Desemba utapita kwanza Tarakea kumkumbatia ndipo upande kaburini kwa mzee. Dada, ile kofia aliivua kwa sala ya chakula kwenye kipaimara. Alichokiinamia ni ndafu, mbuzi mzima wa Kindness mwenye majani mdomoni.

Juzi amenipigia. "We Rogath, Evelyn ananishukuru kwa kumzika mzee. Mimi nimemzika lini?"

Nikajaribu kucheka. Mwenzangu hakucheka. Nikasikia anavuta kamasi. Kisha akasema, "Mwambie wewe. Mimi nimeshindwa kumkatalia."

Nilitaka nikufiche aibu ndogo, nikakutengenezea kubwa. Msamaha ule ulitoka kwako kwa shida, ukaupeleka kwa picha ya mtu mwenye njaa.

Wasalimie shemeji na watoto, wabusu wote kwa niaba yangu. Shangazi Mektrida anakusalimu sana, hajui ninaandika haya. Mungu akukalishe mahali pazuri unaposoma, na akuongoze Desemba, upite Tarakea au usipite.

Tuliomzika baba yako tulienea chini ya turubai moja. Valerian hakuja. Sikumtoa Tarakea, dada. Hata kumwomba sikumwomba.

Ni mimi ndugu yako, ninayekupenda na kukuonea haya,

Rogath